Mlango wa Nyuma wa Msimamizi

Wiki ya pili ya mgomo, nyama ikaanza kuonekana nyumbani kwa Firmina Barros, na nyama hiyo ndiyo iliyomkosesha raha. Njaa alikuwa ameizoea. Kwao kisiwani Fogo alizaliwa mwaka wa ukame, na huku Massachusetts hakuna mvunaji wa kranberi, vile vitunda vyekundu vya mabwawani, asiyejua kulala na maji ya moto tumboni. Lakini nyama! Tena kipande kinene cha nguruwe, kimekaushwa kwa moshi, kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichotariziwa pindoni. Nani miongoni mwa watu wao alikuwa na kitambaa cha kutarizi cha kufungia nyama?

"Umeitoa wapi?" alimwuliza mumewe.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mtu." Teofilo alikuwa amekaa kizingitini akivua viatu, kaipa nyumba mgongo. "Pika, mke wangu. Watoto wale."

"Mtu ana jina."

"Wengine hawana."

Firmina alipika. Kabla ya kuitia nyama kwenye kachupa, ile kande ya kwao ya mahindi na maharage, alifunga dirisha akaziba na ufa wa mlango kwa gunia. Harufu ni umbea; haingoji kutumwa. Watoto walikula wakalamba sahani. Adelia, binti mkubwa, aliuliza kama mgomo umekwisha, maana wanakula hivi. Baba yake akamwambia ale anyamaze. Firmina yeye alichota maharage tu, nyama akaisukumia pembeni mwa sahani, na Teofilo aliona.

Walikuwa wamegoma kwa sababu ujira ulikatwa tena. Mtu anapiga magoti bwawani kutwa nzima, anakokota kombe lenye meno kama kitana, anajaza masanduku ya matunda mekundu mpaka kiuno hakinyooki, halafu jioni anaambiwa bei ya sanduku imeshuka. Safari hii walisema basi. Kila alfajiri wanaume walikuwa wakienda kukaa kwenye njia ya shamba fulani ili kuyarudisha malori yaliyopakia vibarua wa kukodiwa. Na kila walikokwenda, siku hizi, waliwakuta polisi wamekwisha fika, wamewasha na moto wa kuota. Si mara moja. Palikuwa na mdomo unaovuja, na kila mtu alikuwa akiutazama mdomo wa jirani yake.

*

Kwenye bomba la maji, wanawake walinyamaza Firmina alipofika. Hakuna aliyemjibu salamu isipokuwa Zulmira, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na huyo naye aliijibu kwa namna yake, akianza na Nha, ile "Bibi" ya heshima ya kwao.

"Karibu, Nha Firmina. Vipi, umeamka na siha njema? Naona shavu linang'aa."

"Linang'aa nini, shoga, na baridi hii?"

"Mafuta, ndugu yangu. Mafuta hayajifichi. Jana jioni mwanangu kasimama pale uani ananusa hewa kama mbwa. Nikamwambia, mwanangu, ridhika na harufu, hiyo yetu ni ya bure." Wenzake wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kama una neno, Zulmira, litoe."

"Mimi? Mimi sina neno. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja."

Firmina alijaza ndoo yake nusu tu akaondoka. Adhuhuri alipeleka zamu yake ya mahindi yaliyopondwa kwenye jiko la mgomo, nyuma ya ukumbi wa chama chao, mahali walipopikia familia zisizo na kitu kabisa. Mwanamke aliyeshika mwiko aliyapokea mahindi yale, akamshukuru kwa adabu, akayaweka chini ya benchi. Alipopita tena saa za jioni aliyakuta palepale, hayajaguswa, kuku wa mtu anayadonoa.

Hapo ndipo alipoogopa. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, usiku na mchana, alikuwa akiuliza lile walilokuwa wakiuliza wenzake.

*

Nho Malaquias, mwenyekiti wa kamati ya mgomo, alikuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mzee mrefu mwenye magoti mabovu, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyemsimamia Adelia ubatizo. Siku zote akifika hapa alidai kahawa kabla hajaketi. Safari hii Firmina alimmiminia kikombe, kikapoa mbele yake.

"Kumpadre," alimwambia Teofilo, "mimi sipendi kupinda maneno. Umeonekana ukitoka kwa Whitcomb."

Whitcomb alikuwa msimamizi wa mabwawa yote ya upande ule. Ndiye aliyesoma tangazo la kukata ujira.

"Nani kaniona?"

"Januario. Amekuona ukitoka mlango wa nyuma, kifurushi kwapani. Na si yeye tu."

Teofilo alifunika kidevu kwa kiganja, kama afanyavyo siku zote akibanwa. Firmina alikaa akiutazama mkono ule. Alikuwa akimwomba kimoyomoyo: kana. Sema Januario kapotoka. Sema ulikwenda kuiba. Ukisema uliiba nitapiga vigelegele.

"Nilikuwako," alisema Teofilo.

"Kufanya nini?"

Teofilo alikisogeza kikombe cha mzee, akakirudisha palepale.

"Nakuuliza kama ndugu, kabla hujaulizwa na watu wasio ndugu. Vijana wana hasira, Teofilo. Mwenzao mmoja kavunjwa mkono na polisi juzi kule njia panda, na waliokuwa wakijua kwamba tutakuwa njia panda ni sisi kwa sisi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sijamuuza mtu."

"Basi kulikuwa na nini kule?"

"Siwezi kusema."

Mzee alisimama kwa taabu. Alichukua kofia yake, akamgeukia Firmina, na sauti yake ikalainika kidogo. "Nha Firmina, na wewe hujui?"

Angeweza kudanganya. Baadaye alijilaumu kwa lile. "Sijui," alisema, na papo hapo akaona neno lile limemfunga mumewe kuliko kamba.

"Jumapili, baada ya misa, ukumbini," alisema Nho Malaquias. "Aje na jibu."

Mzee alipoondoka, Firmina hakungoja mlango utulie.

"Ni mwanamke?"

"Si wa namna hiyo unayofikiri."

"Kwa hiyo ni mwanamke!"

"Firmina, nakuomba."

"Unaniomba nini? Watoto wangu wanatengwa bombani. Mahindi yangu yanaliwa na kuku. Mtu akikataa chakula chako huku kwetu, amekwisha kukuzika. Na wewe unaniomba!"

Teofilo alitwaa shoka akaenda nyuma kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

*

Kesho yake, jua limepanda, Firmina alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga leso kichwani, akaenda kwa Whitcomb kwa miguu yake. Alipita barabara kuu, hakujificha. Akasema moyoni: wakiniona na waone, kwetu hakuna lililobaki la kuficha.

Ilikuwa nyumba nyeupe ya orofa moja, na uani kamba ya nguo. Alizunguka nyuma, kwa kuwa watu wa rangi yake hawakubisha mlango wa mbele. Alikuwa ameandaa uongo wake: anatafuta kazi ya kufua.

Mwanamke aliyefungua alikuwa mweupe, nywele nyororo kazibana kisogoni, kola ya lesi shingoni. Mke wa msimamizi. Firmina alikuwa amemwona kwa mbali mara kadhaa, ndani ya motokaa.

"Nafua nguo, bibi," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Napiga na pasi. Mimi mke wa Teofilo Barros."

Lile jina alilitupa kama jiwe kichakani, aone nini kitaruka. Mwanamke hakuruka. Aliinua tu mkono, akafunika kidevu chake kwa kiganja.

Firmina aliutazama mkono ule. Kisha akayatazama macho yaliyokuwa juu yake, na nyusi zilizokaribiana, na kipaji kilichochongoka katikati. Kila kitu cha uso ule alikuwa amekilaza kitandani kwake miaka kumi na mitano. Rangi tu ndiyo ilikuwa ngeni. Kwao Fogo hilo si ajabu. Tumbo moja hutoa mkaa na maziwa, na mama akawanyonyesha wote.

Teofilo alikuwa na dada. Alikufa New Bedford kwa ile homa kubwa ya mwaka wa 1918, hivyo ndivyo alivyomwambia.

"Leocadia," Firmina alisema, kwa lugha ya kwao.

"Shusha sauti." Jibu lilitoka kwa lugha ileile, kwa lafudhi ya Fogo iliyojaa kutu. "Shusha sauti, kwa mapenzi ya Mungu."

"Wifi yangu! Kila mwaka tunakuombea misa."

"Endeleeni kuniombea. Nimekufa kweli." Alitupa jicho nyuma yake, ndani. "Mume wangu anajua nimezaliwa Lisbon. Mama yake yumo humo sebuleni. Wakijua ninakotoka, nitatolewa humu na nguo nilizovaa tu, na wanangu sitawaona tena. Teofilo aliniapia hatamwambia mtu."

"Hajamwambia mtu. Kesho atapigwa, pengine atauawa, na hajamwambia mtu. Wanadhani anatuuza kwa mumeo."

Leocadia alifumba macho. "Alikuja tu kuniuliza kama nina chakula. Ningemnyima? Kaka yangu mmoja!"

"Njoo useme."

"Niseme nini, Firmina? Niseme wapi?"

Sauti ya kizee ikaita kutoka ndani, "Lucy! Nani huyo mlangoni?"

Leocadia akabadilika papo hapo. Mgongo ulinyooka, Kiingereza kikamtoka safi kama maji ya bomba. "Mfuaji tu, mama!" Alijitupa nyuma ya mlango, akarudi na furushi la shuka, akalisukuma kifuani mwa Firmina. "Usizidishe buluu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Na pindo zinyooshwe. Mara ya mwisho zilikuja na mikunjo." Kisha, kwa mnong'ono, kwa lugha ya kwao: "Nisamehe, wifi."

Mlango ukafungwa. Firmina alirudi kwa ile barabara kuu, shuka za msimamizi kichwani, na watu wakamwona.

*

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Teofilo alisimamishwa mbele. Januario, kijana mwenye mabega ya kubeba masanduku manne, alitaka aulizwe mara moja tu, asipojibu atolewe nje akaulizwe kwa lugha nyingine. Wengine wakaunga mkono kwa kupiga sakafu kwa visigino. Nho Malaquias aliuliza. Teofilo alifunika kidevu kwa kiganja, akatazama sakafu.

Firmina akainuka.

Alikuwa amelifikiria lile tangu jana. Kusema kweli kungemtoa mumewe kama unywele kwenye unga. Maneno mawili tu: ni dadake. Na wifi yule alikuwa nani kwake? Mtu aliyemsukumia shuka kifuani. Lakini Teofilo alikuwa tayari kuvunjwa mbavu kwa ajili ya kiapo kile, na Firmina akaona kwamba akikivunja yeye, atamrudisha nyumbani mume mzima wa mwili ambaye hatamtazama tena.

"Niulizeni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Akafungua furushi alilokuja nalo. Shuka zilikuwa zimefuliwa, zimekunjwa, na kila pembe ilikuwa na herufi iliyotariziwa ya jina la Whitcomb. Ukumbi ulizizima.

"Nafua nguo za mke wa msimamizi. Mume wangu alikuwa akizileta na kuzirudisha, kwa sababu mimi niliona haya kuonekana, mpaka jana nilipozifuata mwenyewe. Wanalipa kwa nyama. Alinisihi niache, nikakataa, nina watoto. Hakusema kwa kuwa hakutaka kunivua nguo mbele zenu. Basi nimejivua mwenyewe."

Halafu Zulmira akasema, taratibu, kila mtu asikie: "Sisi tunakula maji ya maharage, mwenzetu anasugua shuka za Whitcomb. Tuambie basi, Nha Firmina, zinanukaje?"

Watu walicheka kwa uchungu. Mwanamke mmoja alitema mate sakafuni karibu na miguu yake. Firmina alisimama vilevile, mikono juu ya shuka, na hakumtazama mumewe, maana alijua akimtazama atalia.

Kamati ilikaa pembeni muda mfupi. Nho Malaquias akatoa uamuzi bila kupandisha sauti. Kufua si kuuza watu, alisema, ingawa ni aibu. Teofilo arudi njiani na wenzake. Mkewe asishike tena chungu cha mgomo, na hizo shuka zirudishwe zisifuatwe nyingine.

*

Nyumbani, Teofilo alimshika mikono yote miwili akaibusu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata walipokuwa wachumba. "Kwa nini umefanya hivyo?"

"Niache kwanza." Firmina aliondoa mikono. Njia nzima kutoka ukumbini kuna kitu kilikuwa kikimtafuna, na hakikuwa mate ya yule mwanamke. "Ukienda kule, mnazungumza nini?"

"Mambo ya nyumbani. Mama, Fogo, watoto. Analia sana."

"Na mgomo?"

"Huniuliza kama nitakuwa mbele, kwenye hatari. Dada yeyote angeuliza."

"Huuliza mtakuwa wapi?"

Teofilo alivuta kiti, akaketi. "Huuliza," alisema.

"Na wewe humwambia."

"Apate kuniombea, Firmina! Atanisaliti mimi? Damu yangu?"

"Nyama ilipoingia humu mara ya kwanza, kesho yake polisi walikuwa wapi? Walikuwa wamewatangulia. Mara ya pili? Njia panda. Mkono wa mtu ukavunjwa."

"Nyamaza."

"Mimi nimesimama mbele ya watu wote nikaapa hujauza mtu."

"Nimesema nyamaza!" Alipiga meza, mtoto mdogo akaanza kulia chumba cha pili. Firmina alimngojea mumewe apumue.

"Nenda kesho ukarudishe shuka," alisema. "Akikuuliza, mwambie Jumanne mtakuwa kwenye kile kiwanda cha mbao kilichofungwa. Mimi nitakwenda kutazama. Nikikuta kitupu, nitapiga magoti hapa nikuombe radhi, wewe na dadako pia."

Teofilo alimtazama kama mtu anayemwona mwizi chumbani kwake. "Andaa magoti yako," alisema.

*

Jumanne alfajiri wenzao walikwenda upande mwingine kabisa, kwenye daraja, na Teofilo akabaki nyumbani kwa kisingizio cha homa. Firmina alikwenda kiwandani peke yake, akajibanza nyuma ya mafungu ya mbao zilizooza. Palikuwa kimya, ukungu umelala juu ya mabwawa, matunda yasiyovunwa yameiva kupita kiasi. Alianza kujicheka. Alianza hata kupanga maneno ya radhi.

Kisha alisikia motokaa. Zilikuja mbili, taa zimezimwa, zikasimama nyuma ya banda. Wakashuka polisi wenye virungu, na nyuma yao akashuka Whitcomb mwenyewe, kofia kaivuta usoni. Wakajipanga, wakangoja. Mmoja alipiga miayo. Whitcomb aliitazama saa yake, akasema kitu kwa hasira, na Firmina, aliyekuwa amejibana mpaka mbao zikamchoma, alilisikia neno moja tu waziwazi: "Lucy."

Pengine Leocadia alibanwa akasema. Pengine alisema kwa kuropoka tu, mezani, kama mke amwambiavyo mume. Pengine hivi ndivyo alivyolipia kuishi kwake ndani ya nyumba ile. Firmina hakujua, na alijua kwamba hatajua kamwe.

Walipochoka kungoja wakaondoka. Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alipokuwa akirudi alikutana na vijana kutoka darajani wakiimba: malori yamegeuzwa, hakuna polisi hata mmoja aliyeonekana, mara ya kwanza! Januario alimpungia mkono, kisha akakumbuka yeye ni nani, akaushusha.

Teofilo alikuwa uani. Kuni zilikuwa zimerundikana mbele yake, lakini shoka lilikuwa chini. Alisimama.

"Walikuja?"

Firmina aliuona uso ule, nyusi zile, kiganja kikipanda kuelekea kidevuni. Dada huyo mmoja ndiye aliyebaki naye duniani, na kumbe hata huyo.

"Hakuja mtu," alisema.

"Hakuja mtu?"

"Palikuwa patupu. Ukungu tu." Akapiga magoti palepale, kwenye vibanzi vya kuni, kama alivyoahidi. "Niwie radhi, mume wangu. Nimemdhania dadako mabaya."

Alingoja acheke. Alingoja amwambie: nilikwambia! Teofilo alishusha pumzi ndefu, akatazama upande wa barabara.

"Ila usiende tena kule," Firmina aliendelea, akitafuta sababu. "Ni wivu tu. Mimi sipendi kula cha mlango ambao mimi..."

"Sitakwenda," alisema Teofilo.

Hakuuliza kwa nini. Hakubisha hata neno. Firmina aliinua macho, akaona viatu vya mumewe vimelowa mpaka kwenye vifundo, vimegandwa na tope jekundu la mabwawa ya kule kiwandani, kama lililoganda vyake yeye, na asubuhi ile uani mwao hapakuwa na tone la maji.

Aliinamisha kichwa upesi, asijue kama ameonekana akitazama. Mkono wa Teofilo ukamgusa begani, ukatulia hapo, wala haukumwinua.